The American Epic Sessions

The American Epic Sessions ni filamu ya hali halisi kuhusu muziki iliyoongozwa na Mwingereza Bernard MacMahon na kurushwa katika televisheni mwaka 2017. Filamu hiyo inaonyesha wanamuziki wa siku hizi wakirekodi nyimbo kwa kutumia mfumo wa kurekodi kwa umeme wa mwaka 1925, uliotengenezwa na kampuni ya Western Electric ya Marekani. Nyimbo zilizorekodiwa zilitolewa pia kama albamu iitwayo Music from The American Epic Sessions, iliyotoka tarehe 9 Juni 2017.

Albamu hiyo ina muziki wa aina nyingi: bluzi, kantri, injili, muziki wa Wamexiko, muziki wa Wakajuni wa Louisiana, hip hop, na swing ya Texas. Kinachoziunganisha nyimbo zote ni namna zilivyorekodiwa. Kila wimbo uliimbwa na kupigwa mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya maikrofoni moja, na sauti ikachongwa papo hapo juu ya santuri. Hakuna kilichoongezwa wala kurekebishwa baadaye.

Usuli

Filamu hii ni sehemu ya mwisho ya mradi mkubwa zaidi uitwao American Epic. Sehemu tatu za kwanza zinasimulia jinsi makampuni ya santuri ya Marekani yalivyoanza kurekodi muziki wa watu wa kawaida katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo makampuni hayo yalifanya kazi hasa katika miji mikubwa kama New York, yakirekodi waimbaji wa opera, bendi za jeshi na waigizaji wa jukwaani.

Mabadiliko yaliletwa na redio. Redio ilipoenea mijini, watu waliweza kusikiliza muziki nyumbani bila kununua santuri, na mauzo yakashuka. Makampuni yakatafuta wateja wapya, hasa vijijini na katika majimbo ya kusini ambako redio ilikuwa bado adimu. Wateja hao walitaka kusikia muziki wao wenyewe, kwa hiyo mafundi walisafiri na mitambo yao hadi miji midogo ili kuwarekodi wakulima, wachimba migodi, wahubiri na wapiga banjo. Safari inayojulikana zaidi ni ile ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor, aliyekwenda Bristol, Tennessee, katika miezi ya Julai na Agosti 1927. Huko aliwarekodi kwa mara ya kwanza Carter Family na Jimmie Rodgers, ambao huhesabiwa kuwa waasisi wa muziki wa kantri uliorekodiwa.

MacMahon aliuandaa mradi huo pamoja na Allison McGourty na Duke Erikson, mwanamuziki wa bendi ya Garbage. Watayarishaji wakuu walikuwa wanamuziki Jack White na T Bone Burnett pamoja na mwigizaji Robert Redford, ambaye pia ndiye msimulizi. Walipochunguza historia hiyo, swali moja lilibaki bila jibu kamili: mashine zilizorekodi santuri hizo zilifanyaje kazi? Santuri nyingi zilikuwa bado zipo, lakini hapakuwa na mfumo hata mmoja uliosalia ukiwa mzima.

Kurekodi kabla ya mwaka 1925

Hadi mwaka 1925 kurekodi kulifanyika bila umeme. Wanamuziki walijibana mbele ya pembe kubwa mfano wa tarumbeta. Mawimbi ya sauti yaliingia kwenye pembe na kutikisa utando mwembamba, na utando huo ukaisukuma sindano iliyochonga mfereji kwenye nta. Nguvu yote ya kuchonga ilitokana na sauti yenyewe.

Njia hiyo ilikuwa na mapungufu makubwa. Sauti za chini sana na za juu sana hazikunaswa. Besi ya nyuzi ilipotea kabisa, kwa hiyo bendi nyingi ziliweka tuba mahali pake. Ngoma kubwa iliweza kuirusha sindano nje ya mfereji, hivyo mpiga ngoma mara nyingi aligonga vipande vya mbao tu. Fidla za kawaida zilibadilishwa na fidla maalumu zilizofungwa pembe ya bati. Santuri za jazi za mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa hiyo hazionyeshi sawasawa jinsi bendi hizo zilivyosikika ukumbini.

Mfumo wa Western Electric

Wahandisi Joseph P. Maxfield na Henry C. Harrison, waliokuwa wakifanya utafiti kwa ajili ya kampuni za simu za Marekani, walibuni njia ya kurekodi kwa umeme. Mwaka 1925 makampuni ya Victor na Columbia yalipata leseni ya kuitumia.

Mfumo huo una sehemu kuu nne:

Maikrofoni. Ni ya aina ya kondensa, iliyotokana na kazi ya E. C. Wente. Inageuza mtikisiko wa hewa kuwa mkondo dhaifu wa umeme.

Amplifaya. Inatumia valvu za kioo zilizopangwa kwenye fremu ya chuma yenye urefu unaokaribia futi 6, yaani takriban sentimita 180. Kazi yake ni kuukuza mkondo dhaifu unaotoka kwenye maikrofoni.

Kichwa cha kuchongea. Kinapokea mkondo uliokuzwa na kuugeuza tena kuwa mtikisiko, safari hii wa sindano ngumu inayochonga mfereji.

Mashine ya kuzungushia santuri. Haitumii mota. Inaendeshwa na kitu kizito chenye takriban ratili 100 (kama kilo 45), kinachoning'inia kwenye mkanda uliopitishwa katika kapi. Kitu hicho kinaposhuka polepole kinazungusha magurudumu yenye meno kama ya saa ya ukutani, nayo yanaizungusha santuri kwa mwendo usiobadilika.

Kutumia uzito badala ya mota kulikuwa na sababu. Umeme wa miaka hiyo haukuwa thabiti, na sehemu nyingi walikokwenda mafundi haukuwepo kabisa. Mota ikiongeza au kupunguza kasi hata kidogo, sauti hupanda na kushuka. Nguvu ya mvutano wa dunia haibadiliki, wala haina mngurumo wa mota unaoweza kuingia kwenye rekodi.

Uzito huo uliweka pia mpaka wa muda. Ukishafika sakafuni, santuri inasimama. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa takriban dakika tatu na nusu, ambayo inalingana na kiasi kinachotosha kwenye upande mmoja wa santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika. Mazoea ya wimbo wa dakika tatu, ambayo bado yapo katika muziki wa redio, yana asili yake katika santuri hizo.

Umuhimu kwa muziki wa swing

Swing ni aina ya jazi ya kuchezea dansi iliyotamba hasa kati ya miaka ya 1930 na katikati ya miaka ya 1940. Huchezwa na bendi kubwa yenye sehemu za tarumbeta, tromboni na saksafoni, zikibebwa na kundi la mdundo: piano, gitaa, besi na ngoma. Moyo wa swing uko katika mdundo. Besi hutembea mapigo manne sawa katika kila kipimo, na wapigaji wengine huyaegemea mapigo hayo kwa kuwahi kidogo au kuchelewa kidogo.

Muziki wa namna hiyo usingeweza kunaswa vizuri na pembe. Kurekodi kwa umeme kulipanua masafa ya sauti, kutoka kikomo cha juu cha takriban herzi 2,500 hadi karibu herzi 5,000, na kukashusha pia kikomo cha chini. Besi ya nyuzi, ngoma na matoazi vikasikika. Desemba 1932 bendi ya Bennie Moten ya Kansas City ilirekodi huko Camden, New Jersey, katika jengo lililokuwa kanisa. Walikuwemo Count Basie kwenye piano na Walter Page kwenye besi, na katika santuri hizo besi ya Page inasikika ikiisukuma bendi nzima. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Duke Ellington alirekodi It Don't Mean a Thing (If It Ain't Got That Swing), wimbo uliosaidia kulieneza neno swing kama jina la muziki wenyewe.

Waimbaji nao walibadilika. Aliyeimba mbele ya pembe alilazimika kupaza sauti, lakini mbele ya maikrofoni aliweza kuimba kwa sauti ya mazungumzo. Bing Crosby ni mfano maarufu wa waimbaji walioitumia nafasi hiyo.

Kuundwa upya kwa mashine

Kazi ya kuufufua mfumo ilifanywa na Nicholas Bergh, mhandisi wa sauti na mtaalamu wa kurejesha rekodi za zamani kutoka California. Kwa muda wa takriban miaka kumi alikusanya vipuri halisi kimoja kimoja kutoka sehemu mbalimbali za dunia, akavitengeneza na kuviunganisha. Mashine ya kuzungushia santuri aliyoitumia ni ya kampuni ya Scully.

Kukusanya vipuri hakukutosha. Mafundi wa miaka ya 1920 walikuwa wameshafariki, pamoja na ujuzi wa mikono yao: maikrofoni iwekwe wapi, mwimbaji asimame umbali gani, kichwa cha kuchongea kirekebishwe vipi. Mengi ya hayo yalipaswa kujulikana upya kwa kujaribu. Maarifa yaliyopatikana yalisaidia pia upande mwingine wa mradi. Bergh ni mmoja wa waliosafisha sauti za santuri za zamani zilizotumika katika filamu, na kuijua mashine iliyozichonga kulimsaidia kutambua sauti iliyokusudiwa na fundi na kuitenga na kasoro zilizoongezeka kwa kuchakaa.

Namna ya kurekodi

Vipindi vya kurekodi vilifanyika Los Angeles, vikisimamiwa na Jack White na T Bone Burnett. Utaratibu wake ulitofautiana sana na wa studio za kisasa, ambako kila chombo hurekodiwa katika njia yake na kiwango cha sauti huamuliwa baadaye.

Mbele ya maikrofoni moja, uwiano wa sauti huamuliwa na mahali mtu anaposimama. Mwenye sauti ndogo husogea karibu, na mwenye chombo chenye kelele hurudi nyuma au hugeuza uso pembeni. Mpigaji anayetaka kusikika zaidi katika sehemu yake husogea mbele, kisha humpisha mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kurekodi, bendi hupangwa na kupangwa tena mpaka fundi aridhike.

Kila mmoja anabeba dhamana ya wote. Mpigaji mmoja akikosea katika dakika ya tatu, kosa lake haliwezi kukatwa, na santuri nzima huachwa. Katika miaka ya 1920 hata kusikiliza tena lilikuwa jambo la hasara, kwa sababu nta ilikuwa laini na kuipitisha sindano juu yake kuliiharibu. Wanamuziki wengi waliondoka bila kujua walivyosikika, mpaka santuri zilipotoka kiwandani baada ya wiki kadhaa.

Mkanda kukatika

Wakati wa kurekodi, mkanda unaobeba uzito ulikatika na kazi ikasimama. Jack White, ambaye kabla ya kuwa mwanamuziki mashuhuri alikuwa fundi wa makochi mjini Detroit, aliuchukua mkanda huo na kwenda kuushona katika karakana ya ufundi huohuo. Tukio hilo limo katika filamu. Linaonyesha hatari iliyokuwepo wakati wote: hapakuwa na mashine ya akiba, wala duka la kununua kipuri kingine.

Wanamuziki na nyimbo

Baadhi ya nyimbo zilizomo ni hizi:

"Killer Diller Blues" – Alabama Shakes, wimbo wa Memphis Minnie
"On the Road Again" – Nas, wimbo wa Memphis Jug Band wa mwaka 1928
"Two Fingers of Whiskey" – Elton John na Jack White
"14 Rivers 14 Floods" – Beck
"One Hour Mama" – Rhiannon Giddens
"High Water Everywhere" – Taj Mahal
"El Cascabel" – Los Lobos
"Mal Hombre" – Ana Gabriel, wimbo uliojulikana kupitia Lydia Mendoza
"Allons à Lafayette" – Lost Bayou Ramblers
"St. Louis Blues" – Pokey LaFarge, wimbo wa W. C. Handy wa mwaka 1914
"The Only Man Wilder Than Me" – Willie Nelson na Merle Haggard
"Old Fashioned Love" – Willie Nelson na Merle Haggard

Elton John aliingia studio akiwa na mashairi ya Bernie Taupin ambayo yalikuwa hayajapata muziki. Muziki wake aliutunga palepale, kisha wimbo ukarekodiwa.

Nas alichagua wimbo wa Memphis Jug Band, bendi iliyotumia mitungi, ubao wa kufulia na vyombo vingine vya nyumbani. Kwa kuuimba, msanii huyo wa hip hop alionyesha kwamba masimulizi ya mitaani yenye maneno makali na mizaha yalikuwepo kwenye santuri za Waamerika Weusi miaka mingi kabla ya hip hop kupata jina.

Upande wa swing unawakilishwa hasa na Nelson na Haggard. "Old Fashioned Love" ulitungwa na James P. Johnson, mpiga piano wa Harlem, pamoja na Cecil Mack kwa ajili ya tamthilia ya muziki ya mwaka 1923. Baadaye uliingia katika hazina ya Bob Wills na bendi yake ya Texas Playboys, waliochanganya fidla za kantri na mdundo wa jazi na kuunda swing ya magharibi. Haggard alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki huo, na mwaka 1970 alitoa albamu nzima ya kumuenzi Wills. Wimbo huo mmoja kwa hiyo umepita kwa mpiga piano Mweusi wa New York, bendi ya dansi ya Texas na wazee wawili wa kantri, hadi kwenye mashine ya zama ulipozaliwa. Haggard alifariki tarehe 6 Aprili 2016, siku aliyotimiza umri wa miaka 79, kabla filamu haijarushwa katika televisheni.

Utoaji na mapokezi

Sehemu tatu za American Epic zilirushwa na PBS nchini Marekani mwezi Mei 2017, na The American Epic Sessions ikafuata tarehe 6 Juni. Nchini Uingereza mradi huo ulirushwa na BBC katika mfululizo wa Arena. Albamu ilitolewa na lebo za Columbia, Legacy na Third Man Records, ya mwisho ikiwa mali ya Jack White.

Katika tuzo za Grammy za mwaka 2018, Alabama Shakes walishinda tuzo ya onyesho bora la muziki wa asili ya Marekani kwa wimbo wa "Killer Diller Blues".

Uhusiano na Afrika ya Mashariki

Mfumo wa Western Electric haukubaki Marekani. Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, iliyouza santuri zenye nembo ya His Master's Voice, nayo ilianza kurekodi kwa umeme mwaka 1925 kwa leseni hiyohiyo. Mwaka 1928 kampuni hiyo ilimrekodi Siti binti Saad wa Zanzibar pamoja na wenzake mjini Bombay, Uhindi. Santuri hizo za taarabu kwa Kiswahili zilipata wanunuzi wengi katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Mazingira yake yalifanana na yale ya Bristol na Memphis. Kampuni ilitafuta soko jipya, ikamkuta mwimbaji wa watu wa kawaida, na wimbo ukapewa dakika tatu hivi kwa kila upande wa santuri. Siti alikuwa mtoto wa familia maskini kutoka Fumba, na sauti yake ilihifadhiwa kwa teknolojia ya kizazi kileile kilichohifadhi sauti za wachimba migodi wa Marekani.

Umuhimu

Vifaa vya zamani hutumiwa na bendi nyingi za leo zinazopiga swing, bluzi au rokabili, na mara nyingi lengo huwa kupata sauti yenye ladha ya kale. Sauti hiyo inaweza pia kuigwa kwa programu ya kompyuta. The American Epic Sessions inaonyesha jambo ambalo programu haiwezi kuiga, nalo ni masharti ambayo mashine huwawekea wanamuziki. Bendi inayorekodi chumba kimoja, kwa maikrofoni moja na bila nafasi ya kusahihisha, hulazimika kusikilizana. Mwimbaji huimba wimbo mzima akijua kwamba wenzake wote wanamtegemea, na uzito unashuka.

Mradi huo umeacha pia faida kwa watafiti. Santuri za miaka ya 1920 na 1930 sasa zinaweza kusikilizwa kwa kuelewa zaidi ni kipi kilitoka kwa mwanamuziki, kipi kilitoka kwenye mashine, na kipi kimeongezwa na uchakavu. Kwa nyimbo nyingi za miaka hiyo santuri chache zilizochakaa ndizo pekee zilizobaki, kwa hiyo tofauti hiyo ni kubwa.